Kirusi Kilichoficha Maneno ya Bi Somoe

Kilwa Masoko,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, maana najua amekaa karibu yako anasubiri umsomee. Mimi mwanenu Zuhura ni mzima, nakula, nalala, na ile homa iliyonishika mwezi uliopita imeniacha kabisa, alhamdulillahi. Vipi goti lako? Na presha ya Mama je, anakunywa dawa zake, au anazihesabu tu na kuzirudisha kwenye mfuko? Mama, usinikasirikie. Nauliza kwa kuwa nakujua.

Baba, ningeweza kupiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama mmemaliza kuvuna mtama, ukanijibu, "Marahaba, mwanangu, marahaba." Nilicheka, ila moyo uliniuma kidogo. Tena jambo ninalotaka kukueleza ni refu na linakuhusu, na wewe jambo zuri hupenda kulisoma mara mbili. Mwenzangu wa ofisini anakwenda Dodoma kwenye mafunzo, ameahidi kuifikisha barua hii kwa Shangazi, naye atakuletea huko Kondoa.

Kazi inaendelea. Huu ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, nami nashinda juani, shamba hadi shamba, nikirudi nyumbani hata mtandio unanuka salfa. Wananiita Bibi Shamba. Mwanzoni walinitazama kama mtu aliyeteremka kituo kisicho chake, msichana wa nchi ya mtama na uwele anayekuja kuwafundisha korosho. Sasa wananipigia simu wenyewe. Na bada nimeizoea, ule ugali wa muhogo ambao Mama aliuonja siku moja akasema unateleza tumboni kabla hujautafuna. Nikikosa siku mbili nauulizia.

Sasa nikueleze yaliyonipata wiki hii.

Nilishakwambia kwamba nimepanga chumba kwa Bi Somoe. Huyu mama ni mstaafu, alikuwa mpiga chapa katika ofisi za serikali miaka mingi, na mpaka leo anachapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama, huku anakuuliza kama umekula. Mume wake ni Mzee Mbwana, mtu mpole lakini mwenye haraka ya kukata shauri. Sebuleni kwao kuna kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama vile wewe ulivyokuwa ukiifunika ile redio kubwa. Ndani ya kompyuta hiyo Bi Somoe alikuwa anaandika kamusi.

Kweli, Baba, kamusi ya Kimatumbi. Yeye ni mtu wa Kipatimu, kule milimani. Siku moja alimsikia mama yake mzazi akizungumza na wajukuu, na wajukuu wakamgeukia yeye awafasirie. Anasema siku hiyo alijisikia kama mtu aliyeacha mlango wazi mbuzi wakatoka. Tangu hapo kila akipanda Kipatimu anakwenda na daftari, anakaa na mama yake na wanawake wengine sita wa rika lake, anaokota maneno. Neno la mvua inayonyesha jua likiwaka. Neno la mtu anayekula kwa wenzake lakini kwake hapiki. Miaka sita sasa. Madaftari ya mwanzo yaliliwa na mchwa, na yale ya baadaye akishayachapa alikuwa anawashia jiko, kwa sababu aliiamini kompyuta.

Na Jumamosi, yaani jana, ilikuwa imepangwa kwamba atapanda Kipatimu na kamusi iliyochapishwa, awasomee wale wanawake. Haikuwezekana kuahirisha. Mama yake, Bibi Binti Ligomba, kesho Jumatatu anapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa uvimbe wa tumboni, na kwa umri wake hakuna anayethubutu kutaja siku ya kurudi. Yeye mwenyewe alituma neno: "Nataka niyasikie kabla sijapanda gari."

Jumatatu iliyopita nilipita stationari moja hapa mjini kuchapisha orodha ya wakulima wangu. Hapohapo, kwa kompyuta yao, nikahamisha kwenye flashi picha nilizompiga Bibi nilipokwenda Kipatimu kikazi. (Flashi, Baba, ni kile kijiti kidogo cha kubebea mafaili, unakichomeka kwenye kompyuta hii na kukihamishia ile.) Nilitaka kumfurahisha Bi Somoe. Nikaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua, tukamwona Bibi anacheka na meno yake mawili, tukafurahi, tukalala.

Kesho yake asubuhi nilikuwa navaa viatu niende shambani nikasikia sauti ya Bi Somoe.

"Zuhura! Zuhura, njoo uone! Maneno hayapo!"

Nilikwenda mbio. Pale palipokuwa na folda za kamusi, herufi kwa herufi, palikuwa na alama tupu zenye kishale kidogo pembeni, na ukizibonyeza zinakwambia hakuna kitu. Bi Somoe alikuwa amekaa, mikono ameiweka mapajani, hachapi wala halii. Nilipomtazama nilijua ningependa zaidi alie.

Mzee Mbwana akampigia simu fundi mmoja huko Lindi, akaweka sauti kubwa sote tusikie. Fundi akauliza maswali mawili tu.

"Hicho ni kirusi, mzee. Ileteni huku niifute yote, niweke upya."

"Na vilivyomo ndani?"

"Vilivyomo mama avisahau."

Mzee Mbwana akakata shauri papo hapo, kwamba kompyuta itakwenda Lindi na basi la Alhamisi asubuhi. Angalau, alisema, mashine ipone. Hapo, Baba, nikajisikia nasema, "Mzee, nipeni mimi mpaka kesho jioni."

Alinigeukia. "Wewe? Si ni Bibi Shamba wewe?"

"Ni Bibi Shamba. Lakini nimekulia ndani ya banda la fundi redio."

Sikusema hivyo kwa kujigamba, Baba. Chuoni nilijifunza kompyuta kidogo, na rafiki yangu wa bwenini alikuwa hodari wa virusi, nikimtazama akivitoa. Lakini ujasiri wa kugusa kitu cha watu kilichokufa niliutoa kwako. Nakumbuka majirani walivyokuwa wakikuambia, "Fundi, huyo mtoto wa kike atajiunguza na hiyo solda," nawe unawajibu, "Akijiunguza atajua ni ya moto." Na nakumbuka sheria yako. Mteja akileta redio, wengine hukimbilia bisibisi. Wewe ulikuwa unaiweka mezani na kuisikiliza kwanza.

Basi Jumatano nilirudi mapema, nikakaa mbele ya ile kompyuta, sikufuta kitu. Nikaitoa kwanza kwenye mtandao. Kisha nikatazama ile sehemu ya diski inayohifadhi kamusi imejaa kiasi gani. Ukiifungua, inaonekana haina hata faili moja. Lakini hesabu ya nafasi ilikuwa imejaa vilevile kama zamani! Debe tupu halina uzito, na hili debe lilikuwa zito.

"Bi Somoe," nikasema, "maneno yako hayajafutwa. Yamefichwa."

"Yamefichwa wapi?"

"Hapohapo yalipo. Yamefunikwa tu."

Akavuta kiti karibu.

Nikaenda kwenye orodha ya programu zinazotembea ndani ya mashine wakati huo. Ilikuwa ndefu, lakini nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya na redio inayokula betri ikiwa imezimwa, unatafuta ni nani anayekunywa umeme wakati wote wamelala. Nikakikuta kimoja ambacho hakuna aliyekiita. Nikakizima. Nikawasha upya mashine, kikarudi. Maana yake kulikuwa na mahali kilipojiandikisha ili kiamshwe kila kompyuta inapoamka. Nikapatafuta, nikapaona, jina refu la ovyo ovyo kama mtu aliyechapa kwa kiwiko. Nikakizima tena, nikalifuta lile jina, nikalifuata faili lenyewe lilikojificha nikalitoa. Nikawasha upya. Kimya. Hakikurudi.

Ikabaki kuyafunua maneno. Kuna amri moja ya kuandika kwa mkono, kwenye dirisha jeusi lisilo na picha, ambayo huyaondolea mafaili ile alama ya kufichwa. Ukikosea nukta moja haifanyi kazi. Nikamwachia Bi Somoe kibodi. Nikawa namsomea herufi kwa herufi, naye anachapa, tak tak tak, mgongo umenyooka kama yuko ofisini. Alipobonyeza kitufe cha mwisho tukasubiri. Tulipofungua, zilikuwepo zote. A, B, CH, zote, na maneno ndani.

Aliniinukia akanikumbatia akaanza kuniambia maneno ya Kimatumbi ambayo sikuyaelewa hata moja.

Lakini kumbe shughuli haijaisha. Nilikwenda uani kunywa maji. Yeye kwa furaha akachukua flashi yake ya akiba, ile anayohifadhia nakala, ambayo katika kuchanganyikiwa kwake hakuwa ameikumbuka, akaichomeka, akaona folda yenye kishale, akaibonyeza mara mbili. Niliporudi alikuwa ameshika kichwa. Yote yamepotea tena. Na safari hii aliangua kilio, na Mzee Mbwana akatoka chumbani.

"Nilisema mimi. Basi la kesho."

Baba, hapo ndipo niliposimama kama mti. Kwa nini flashi yake ya akiba iwe na kirusi kilekile? Alisema aliichomeka Jumatatu jioni baada ya kutazama zile picha, ahifadhi nakala kama kawaida yake. Baada ya picha. Nikaenda chumbani nikaichukua flashi yangu, nikarudi nikaichomeka bila kuifungua, nikaitazama kwa lile dirisha jeusi. Kilikuwa kimekaa humo, jina lake lilelile refu la ovyo.

Nilijua ningeweza kunyamaza. Hakuna pale ambaye angejua. Fundi wa Lindi angefuta, watu wangesema ni mambo ya mitambo. Nikakichomoa kile kijiti, nikamgeukia.

"Bi Somoe, nisamehe. Ni mimi. Kimeingia kwa flashi yangu, siku ya picha."

Mzee Mbwana alifungua kinywa. Bi Somoe akamwinulia mkono anyamaze. Akanitazama, macho bado yana maji.

"Uliniletea picha za mama yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Hukuniletea hicho."

"Lakini kimekuja na mimi."

Akajifuta uso na upindo wa kanga. "Mara ya kwanza ulikiondoa kwa muda gani?"

"Kama saa mbili."

"Basi kesho una saa ngapi?"

Mzee Mbwana akasema tunacheza, kwamba mashine ikifa kabisa tusimlilie. Bi Somoe akamjibu kwa upole, "Mume wangu, mashine ni yako. Maneno ni ya mama. Basi litakwenda bila sisi."

Alhamisi niliomba ruhusa nusu siku. Safari hii sikuanza na kompyuta, nilianza na karatasi. Niliandika kila kitu kilichochomekwa pale tangu Jumatatu, flashi yangu, flashi yake ya akiba, na kadi ya kumbukumbu ya simu ya Mzee Mbwana, ambayo hata yeye alikuwa amesahau kwamba alihamishia mawaidha. Nilielewa kosa langu la jana: nilisafisha nyumba nikawaacha wageni wenye matope mlangoni. Nikakitoa tena kirusi kwenye mashine kwa utaratibu uleule. Kisha nikavichomeka vile vitu kimoja kimoja, hakuna kubonyeza kitu, kila kimoja nikakifunua kwa amri, nikafuta vile vishale na kile kifaili cha uchafu, nikakagua mara mbili, nikatoa. Nikapakua programu ya kinga kwenye kompyuta ya ofisini, nikaileta kwa CD, ikapitia mashine nzima. Ilisema safi. Nikawasha upya mara tatu, na mara ya tatu Mzee Mbwana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu anahesabu.

"Hakijarudi," alisema.

"Hakijarudi, Mzee."

"Hm." Akaenda zake. Baadaye aliniletea maji ya madafu kwenye bilauri. Kwa Mzee Mbwana hiyo ni hotuba nzima.

Ili kuichapisha kamusi ilikuwa lazima turudi stationari, na mimi sikutaka flashi yoyote iguse tena kompyuta za kule. Mzee Mbwana alikuwa na CD tupu alizonunua zamani za kurekodia mawaidha. Nikaihamishia kwenye CD, kwa kuwa CD ikishaandikwa na kufungwa haipokei kitu kipya, hata kirusi kitake vipi. Ijumaa tukachapisha. Yule dada wa stationari nilimweleza taratibu, bila kumwaibisha mbele ya wateja, naye kumbe alikuwa analalamikiwa wiki nzima na hajui la kufanya. Nilibaki nikamsafishia mashine zake mbili na kumwonyesha njia. Tangu juzi hiyo watu wanne wamekuja mlangoni kwetu na flashi zao.

Jana tukapanda Kipatimu. Kutoka Njia Nne barabara ni ile inayokutikisa mpaka unasahau ulichokuwa unafikiri. Bi Somoe alipakata kamusi njia nzima kama mtoto mchanga. Tulimkuta Bibi amelazwa kwenye kitanda cha kamba ukumbini, na wale wenzake sita wamemzunguka, wengine na hijabu, wengine na rozari shingoni, wanabishana kabla hata hatujasalimiana.

Bi Somoe alisoma. Mimi sikuelewa maneno, lakini nilielewa nyuso. Neno moja linasomwa, wanacheka wote. Jingine linasomwa, wanakaa kimya, mmoja anafuta macho. Akafika mahali Bibi akainua kidole, na mmoja wa wale sita akawa ananifasiria.

"Hapana. Hilo umeliandika vibaya. Husemi hivyo isipokuwa kama meno yamekwisha."

"Mama, wewe ndiye uliyeniambia hivyo!"

"Si meno yangu yamekwisha?"

Baba, ukumbi mzima uliangua kicheko, na Bibi mwenyewe akashika tumbo lake linalouma akicheka. Bi Somoe akalisahihisha hapohapo kwa kalamu.

Baadaye Bibi akanielekezea kidevu. "Na huyu ndiye aliyeyatoa maneno shimoni?"

Bi Somoe akasema, mbele yao wote, "Ndiye huyu aliyeyatumbukiza, mama. Na ndiye huyu aliyeyatoa."

Nilitaka ardhi inimeze. Bibi akaninyooshea mkono, nikaenda nikaushika. Mkono mkavu, mwepesi, wenye nguvu.

"Mtoto akitumbukiza kitu hukimbia," alisema kwa Kiswahili, ili nisikose neno. "Huyu ni mtu mzima."

Nimeishi miaka ishirini na nane, nimepewa cheti na nimepewa barua ya ajira, lakini sikumbuki kama nimewahi kujisikia nimesimama wima kama nilivyojisikia pale, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha kamba.

Tuliporudi garini Bi Somoe aliniuliza jina lako. Nilidhani anataka kukutumia salamu. Leo asubuhi ameniita sebuleni, kwenye kompyuta, akanionyesha ukurasa wa mwisho wa kamusi, ule wa shukrani, ambao atauchapisha pamoja na masahihisho ya mama yake. Ametaja majina ya wale wanawake saba. Chini yao ameongeza mstari mmoja, na nimeunakili hapa kama ulivyo:

"Na kwa Fundi Juma wa Kondoa, aliyemfundisha binti yake kusikiliza kabla ya kufungua."

Kwa hiyo, Baba, umo. Lugha si yako, watu hujawahi kuwaona, lakini umo.

Tumwombee Bibi Binti Ligomba kesho. Mwambie Mama amtaje katika dua zake, zile za alfajiri.

Nisalimie Kaka Idi, mwambie aache kuwaambia watu kwamba mimi nilikuwa nashika tochi tu bandani. Nisalimie wifi yangu na yule mtoto mchanga ambaye bado sijamwona. Nisalimie Shangazi aliyekubeba mgongoni, na Mjomba wa mashineni, na jirani yetu aliyesema nitajiunguza na solda. Huyo msalimie mara mbili.

Mimi ni mwanao,
Zuhura,
ambaye mtaa huu umeacha kumwita Bibi Shamba, unamwita Fundi.